Kuhusu Mtu wa Koti Jeupe na Shamba la Cletus

Kwa Mwenyekiti na wajumbe wa Baraza la Ardhi la Kijiji.

Ndugu Mwenyekiti, pokea heshima yangu. Mimi ni Evarist, mkazi wa Ilembo, mwandishi wa barua na maombi kwa kazi niliyojifundisha mwenyewe, na kwa msimu huu wa mvua mtafsiri wa filamu katika banda la video la Obadia, kijijini hapa. Madhumuni ya kuwasilisha kurasa hizi ni haya: barua ya tarehe 14 Februari, iliyowajulisha kwamba Cletus, mdogo wake Obadia, amefariki machimboni, niliiandika mimi kwa mkono wangu, na ndani yake mna maneno ambayo hakuna mtu aliyeyaona wala kuyasikia. Badala ya kutunga maelezo mapya, nimenakili shajara niliyokuwa nikiiandika kwa ajili yangu mwenyewe. Sikuondoa mahali panaponiaibisha.

Jumapili, 12 Januari 2025

Nilifika jana kwa bodaboda, matope hadi magotini, nikiwa na begi moja la nguo na kamusi. Obadia amenipokea kwa ukarimu mkubwa. Amenipa chumba nyuma ya banda, chandarua kipya, na wali kwa kuku. Tumekubaliana nikae Jumapili kumi, kwa kuwa tamthilia ina vipindi kumi, na betri zake za sola, kwa mawingu ya majira haya, hujaa kiasi cha kuonyesha kipindi kimoja tu kwa wiki.

Utaratibu ni kwamba mtafsiri husimama kando ya televisheni akiwa na kipaza sauti, husoma maandishi ya Kiingereza yanayopita chini ya picha, na kuyatoa kwa Kiswahili papo hapo. Jambo lisipoeleweka, anaulizwa yeye. Waliotengeneza filamu wako mbali. Mtafsiri yuko karibu.

Tamthilia ni ya michoro, ya Kijapani, si ya watoto. Nakiri kwamba sijawahi kuona uchoraji wa namna ile. Ni mji ambao mvua haikatiki, majengo yamepanda hadi hayana mwisho, na taa za waridi na samawati zinatetemeka katika kila dimbwi. Watu wa huko hununua viungo vya chuma na kuchomeka nyaya shingoni. Mhusika mkuu ni mwanamke mwenye mkono wa chuma. Jina lake ni gumu, na kabla ya robo saa banda zima lilikuwa linamwita Dada Chuma. Anaye mwenzake, mwanamume mpole wa koti jeupe, anayemtengenezea mkono unapoharibika. Huyo wamemwita Koti Jeupe. Wawili hao wanatafuta njia ya kutoka mjini, lakini kila barabara inawarudisha katikati.

Mama Agape, mkulima, ambaye nimeelezwa kwamba hakosi onyesho, alitazama kwa muda mrefu kisha akasema, "Mvua yote hiyo, na hakuna hata mmoja anayelima."

Jumanne, 14 Januari

Mvua. Nimesoma kamusi, herufi D.

Jumapili, 19 Januari

Kipindi cha pili. Mvua ilipiga mabati hata nikanyamaza mara mbili, watu wakiangalia picha bila maneno. Hawakulalamika. Picha zinatosha kwa muda. Hadithi haitoshi. Nimeanza kuona kwamba watengenezaji walipenda taa kuliko watu.

Jumatano, 22 Januari

Benedikto, fundi pikipiki, amekuja akiwa amelowa mpaka kofia.

"Daraja limeondoka, mkuu."

Nikamwuliza limeondoka namna gani.

"Limeondoka bila kuaga. Mto umelichukua na magogo yake. Bodaboda zinaishia ng'ambo ile. Sisi na nyie wageni wote ni watu wa huku sasa."

Jumapili, 26 Januari

Kipindi cha tatu. Mwishoni Koti Jeupe anaingia kwenye lifti ya jengo la kampuni kubwa. Anamtazama Dada Chuma, hasemi kitu, mlango unafunga. Ni picha nzuri mno. Watu walitoka wakiizungumza.

Jumapili, 2 Februari

Kipindi cha nne hakikumtaja Koti Jeupe hata mara moja. Dada Chuma yuko mahali pengine kabisa, na nguo nyingine, anapigana na watu wasiotambulishwa.

Kabla sijazima kipaza sauti, mwanamke aliyekaa karibu na nguzo aliuliza, "Mtafsiri, yule wa koti yuko wapi?"

Nikajibu kwamba tuvute subira.

"Aliingia kwenye lile sanduku. Lilikwenda juu au chini?"

Sikuwa nimeliangalia hilo. Nikasema juu. Nikaongeza kwamba ametumwa kazi maalumu na kampuni, atarudi. Hayo hayakuwamo katika maandishi. Niliyasema ili kikao kifungwe kwa utaratibu.

Obadia aliniambia baadaye kwamba mwanamke huyo ni Scolastica, mke wa mdogo wake. Cletus alikwenda kuchimba dhahabu mwaka juzi, baada ya kupanda mahindi, na tangu mavuno ya msimu ule simu yake haipatikani. Scolastica amebaki na watoto wawili na shamba la ekari tatu bondeni. "Ni mtu wa maswali," Obadia alisema. Nami nilimwona hivyo hivyo: mtu wa kuvuruga.

Alhamisi, 6 Februari

Mvua. Nimeumwa tumbo. Mke wa Obadia amenipikia uji.

Jumapili, 9 Februari

Lazima nieleze vizuri jambo la leo.

Kipindi cha tano nacho hakina Koti Jeupe. Watu walianza kunung'unika kabla ya nusu. Benedikto alisema kwa sauti, "Mtu hapotei hivi hivi kama bisibisi." Mwingine akasema mtafsiri anaruka maneno ili amalize haraka.

Ndipo ikaja sehemu ambayo Dada Chuma anasimama dirishani, mvua inateremka kwenye kioo, taa zinapita usoni mwake, na kwa dakika nzima hakuna mtu anayesema lolote. Hapakuwa na maandishi chini ya picha. Palikuwa peupe. Nikashika kipaza sauti nikasema, kwa sauti ya chini, kwamba Dada Chuma ameletewa habari: mwenzake ameanguka kutoka ghorofa ya juu ya kampuni, na wafanyakazi wenzake wamemzika kwa heshima, asubuhi ya Jumanne, mvua ikinyesha. Nikasema kwamba anamlilia kimoyomoyo kwa sababu katika mji ule machozi yanatozwa ushuru.

Mama Agape alifuta macho kwa ncha ya kitenge. Benedikto alivua kofia.

Naandika kwa unyofu: nilijisikia vizuri. Hadithi ilikuwa na shimo, nami nimelifukia kwa maneno yaliyopangika. Niliweka siku ya Jumanne makusudi. Katika miaka ya kuandika maombi nimejifunza kwamba jambo lenye siku huaminika kuliko jambo lisilo na siku.

Scolastica peke yake hakulia. Alipokuwa akitoka alisema, si kwangu, bali kwa Mama Agape, "Mdomo wake yule dada haukufunguka."

Jumatano, 12 Februari

Asubuhi Obadia alikuja chumbani kwangu na chai mbili. Alikaa kwenye ndoo.

"Karani," akasema, ndivyo anavyoniita siku hizi. "Jumapili ulinifanya nimkumbuke mdogo wangu."

Nikampa pole.

"Kuna mtu alipita hapa mwezi wa kumi na moja, kabla ya mvua. Alitoka machimboni. Alisema kuna duara, shimo la kuchimbia dhahabu, liliporomoka, likafunika watu, na mmoja wao ni wa huku kwetu Katavi. Jina halijui." Alikunywa chai. "Mimi namjua ndugu yangu. Angekuwa hai angepiga simu. Nimechoka kusubiri, karani. Kusubiri nako ni kazi, na haina mshahara."

Alitaka nimwandikie barua kwa Baraza, kwamba Cletus amefariki, ili shamba la bondeni lirudi kwenye ukoo baada ya mavuno haya, na Scolastica arudi kwao Mpimbwe kwa wazazi wake kabla hajateseka zaidi. Alisema neno hilo, kabla hajateseka, na naamini alilimaanisha.

Nikamwuliza kuna shahidi gani. Akasema ni yule mpita njia. Nikamwambia kwamba mpita njia asiye na jina, aliyesema habari za mtu asiye na jina, hatoshi.

"Ndiyo maana nimekuja kwako," akasema. "Wewe unajua kuliweka jambo likakaa."

Nimekula chakula cha mtu huyu mwezi mzima. Nalala chini ya bati lake. Mto haujapungua.

Ijumaa, 14 Februari

Barua imekamilika. Kurasa mbili. Nimeiandika mara tatu. Sentensi ninayoiona bora ni hii: "Marehemu alifikwa na mauti ndani ya duara lililoporomoka, na alizikwa huko huko kwa heshima na wachimbaji wenzake, siku ya Alhamisi, kwa kuwa hali ya mwili haikuruhusu kusafirishwa." Obadia aliisoma akilia. Akaniuliza, "Kumbe ilikuwa Alhamisi?" Nikamjibu kwamba barua haiwezi kuachwa na nafasi tupu.

Hakuuliza tena. Nadhani tangu hapo anaamini.

Jumapili, 16 Februari

Kipindi cha sita. Kufukuzana kwa pikipiki mwanzo hadi mwisho. Benedikto alifurahi sana na kusema injini zile hazina mlio wa kweli. Scolastica hakuja.

Alhamisi, 20 Februari

Baraza limeketi katika ofisi ya kijiji. Nilihudhuria kwa kuwa Obadia alitaka niisome barua mwenyewe. Nilisoma vizuri. Ninyi wajumbe mtakumbuka.

Scolastica alisimama akauliza swali moja: "Alhamisi ipi?"

Nikasema tarehe kamili haikupatikana.

Mjumbe mmoja akamwambia kwa upole, "Mama, anayebuni hataji siku. Mtu akitaja siku, ana habari." Wengine wakaitikia kwa vichwa. Ikaamuliwa kwamba Obadia avune shamba lile wiki ya mwisho ya Aprili, na baada ya hapo liwe la ukoo.



Jumapili, 23 Februari

Kipindi cha saba. Ndoto tupu, samaki wanaelea angani juu ya barabara. Nilitafsiri maandishi yaliyokuwepo bila kuongeza kitu. Mama Agape alisema, "Leo mtafsiri ana mafua."

Jumatatu, 24 Februari

Obadia ameita matanga ya siku tatu bila maiti. Turubai limefungwa uani. Ameniomba niandike wasifu wa marehemu na kuusoma kesho mbele ya watu, kama ilivyo desturi.

Nilimwuliza habari za Cletus ili niweze kuandika. Alizaliwa mwaka gani, alisoma wapi, alibatizwa na nani. Yote alijua. Alijua pia kwamba Cletus alikuwa anapiga mluzi akilima, na kwamba aliogopa vinyonga. Nilipofika kwenye sehemu ya kifo, aliniangalia mimi. Alikuwa anasubiri nimwambie.

Jumanne, 25 Februari

Nimesoma wasifu. Watu wapatao mia moja. Alhamisi imo. Hali ya mwili imo. Safari hii niliongeza kwamba marehemu aliwaaga wenzake kwa kuwatakia kazi njema, kwa sababu kulikuwa na kimya baada ya "duara lililoporomoka", nami sikuweza kukivumilia.

Scolastica hakukaa mkekani. Wanawake walimfuata kumnyoa nywele, wakamkuta shambani anapalilia. Nimesimuliwa alivyowajibu: "Nikinyoa, nimekubali. Waambieni nywele zangu zinasubiri tarehe."

Jumatano, 26 Februari

Simu ilipata mtandao kwa dakika chache. Mke wangu, Getrude, alikuwa amekwisha kusikia habari kutoka kwa watu wa Kabungu, ng'ambo ya mto.

"Nasikia umekuwa mkubwa huko. Unasoma misiba."

Nikamweleza kwa kifupi.

"Huyo marehemu ulimwona?"

Nikamwambia taarifa ziliwasilishwa.

"Evarist. Ulimwona?"

Nikamwambia mtandao unakatika. Haukuwa unakatika.

Jumapili, 2 Machi

Kipindi cha nane. Dada Chuma anagundua kwamba kumbukumbu zake nyingi ziliandikwa na kampuni na kuwekwa kichwani mwake. Sehemu hiyo, kwa mara ya kwanza, imetungwa vizuri. Anauliza ni nani aliyeziandika, na mfanyakazi wa kampuni anamjibu, "Mtu aliyekuwa na nafasi ya kujaza." Hayo maneno yapo kwenye maandishi, nimeyaangalia tena leo jioni peke yangu, Obadia akilalamika kuhusu betri. Niliyasoma kwa kipaza sauti na sauti ikanikwama. Watu walidhani ni mbwembwe, wakapiga makofi.

Jumanne, 4 Machi

Nimekwenda shambani kwa Scolastica, mchana, mbele za watu, ili lisizungumzwe jingine. Mahindi yamefunga na ndevu zimetoka. Alikuwa kwenye mstari wa mwisho. Hakusimamisha jembe.

"Karibu, karani. Umekuja kupima?"

Nikamwambia nimekuja kumsalimu, na kumpa pole.

"Pole ya nini?"

Nikamwuliza, kwa heshima, kama ana sababu ya kuamini kwamba mumewe yu hai.

Hapo alisimama. Alifuta jembe kwa kidole.

"Mimi sijasema yu hai. Mmenisikia wapi? Obadia anasema amekufa. Mama mkwe, alipokuwepo, alikuwa anasema yu hai, kila siku ananiuliza nimemfanya nini mtoto wake. Mimi nasema sijui. Basi. Sijui. Mnaliona neno dogo, lakini shamba hili limesimama juu yake. Ukiandika amekufa, naondoka. Ukiandika yu hai, nadaiwa nimlete. Mimi nalima hapa kwa sababu sijui."

Nikamwambia kwamba ombi lenye "sijui" huonekana dhaifu mbele ya wajumbe.

"Ni dhaifu," akasema. "Na mimi ndivyo nilivyo." Kisha akauliza, bila ukali, kama mtu anayeuliza bei ya chumvi, "Ile Alhamisi uliitoa wapi?"

Nikasema ni mambo ya uandishi. Akarudi kwenye mstari wake. Nilisimama pale muda mrefu kuliko inavyostahili, kisha mvua ikanifukuza.

Jumatano, 5 Machi

Jumatano ya Majivu. Mvua.

Jumapili, 9 Machi

Hakuna onyesho. Wiki nzima jua halikutoka na betri hazina kitu. Obadia amekasirika na mawingu. Amesema nisiwaze kuondoka kabla ya kipindi cha kumi, kwa kuwa watu wamekwisha kuahidiwa. Nikamjibu kwamba hata ningetaka, pa kupita hapapo.

"Vizuri," akasema, akacheka. "Mto na mimi tuna mkataba."

Ni mzaha. Lakini nimekaa nikauwaza.

Jumatano, 12 Machi

Nilimwendea Obadia mara mbili leo nikiwa na sentensi tayari. Mara ya kwanza alikuwa anamwonyesha mwanawe picha ya Cletus. Mara ya pili alinipa samaki. Nimekula samaki.

Ijumaa, 14 Machi

Obadia amemleta mtu mwenye ng'ombe wa kukokota, wapime jinsi shamba la bondeni litakavyolimwa msimu ujao. Mahindi ya Scolastica bado yamesimama ndani yake. Walitembea katikati ya mistari wakihesabu hatua. Scolastica alikuwa upande wa pili akiangalia. Hakuna aliyemsalimu mwenzake.

Jumapili, 16 Machi

Kipindi cha tisa. Taa nyingi, maelezo hakuna. Watu wanamwuliza Obadia kama cha kumi kitafafanua yote. Amewajibu kwamba karani atafafanua.

Jumapili, 23 Machi

Nimeandika ukurasa huu mara moja na sitausahihisha.

Banda lilijaa hadi nje. Scolastica alikuja, akakaa mahali pake kwenye nguzo. Nywele zake zimesukwa.

Kipindi cha kumi kilikuwa kizuri kwa macho kuliko vyote. Mji mzima unazimika jengo baada ya jengo, na Dada Chuma anatembea katika giza akiongozwa na mwanga wa mkono wake. Watu wanapita pembeni yake kwa maelfu. Ghafla Mama Agape akasimama.

"Yule pale. Koti."

Obadia akarudisha nyuma. Kwa sekunde moja, katikati ya umati, mgongo wa mtu mwenye koti jeupe unapita kutoka kushoto kwenda kulia. Uso hauonekani. Wakamlazimisha arudishe tena, na tena. Nusu ya banda ikasema ndiye. Nusu ikasema koti jeupe anavaa yeyote, hata daktari. Dada Chuma hakugeuka. Picha ikaisha, majina ya Kijapani yakaanza kupanda.

Benedikto akageukia upande wangu. "Mkuu, huyu si tulimzika Jumanne?"

Wakacheka. Kisha wote wakaniangalia. Kipaza sauti kilikuwa mkononi. Nilikuwa na sentensi, sikosi sentensi. Ningeweza kusema ni pacha wake. Ningeweza kusema ni kivuli cha kumbukumbu. Wangekubali, na wengine wangelia.

Nikasema, "Sijui. Waliotunga hawakueleza alikokwenda. Hawakusema amekufa. Lile la kuanguka na kuzikwa niliweka mimi."

Mama Agape akaketi taratibu. "Basi ungesema tangu siku ile. Nimemwombea Rozari mtu wa katuni."

Kicheko kikarudi, cha kupumua. Wengine walianza kushika vitu vyao waondoke. Ndipo Scolastica aliposimama, mkono mmoja kwenye nguzo.

"Karani. Na yule wangu, uliyemzika Alhamisi, ulimwona?"

Obadia akasema kutoka kwenye mashine, "Shemeji, hapa ni burudani. Mambo ya nyumbani tutayazungumza nyumbani."

"Sijamwuliza mwenye banda," alisema. "Nimemwuliza aliyeandika."

Mvua ilikuwa imeanza kugonga mabati, ndogo ndogo, ikakaza. Nilijua kwamba baada ya dakika moja haitasikika sauti ya mtu yeyote, na nilikuwa na hiari ya kuingoja. Nilizima kipaza sauti ili isionekane kwamba natafsiri.

"Sikumwona," nikasema. "Hakuna aliyeniambia Alhamisi. Hakuna aliyeniambia alizikwa, wala kwamba aliaga. Niliambiwa duara liliporomoka na kwamba kulikuwa na mtu wa Katavi. Mengine yote ni yangu."

Obadia alikuja hadi karibu yangu. Nilidhani atanipiga. Hakunipiga. Aliongea kwa sauti ya mtu aliyeamshwa.

"Lakini uliniambia wakati ule ilikuwa Alhamisi."

"Niliandika," nikamjibu. "Wewe ulisoma."

"Nimekuwa nikimwombea misa kila Alhamisi," akasema. "Kila wiki natembea hadi kanisani. Nampa Mungu siku ambayo wewe uliitoa kichwani."

Mvua ikafunga masikio ya wote, na watu wakabaki ndani, hakuna anayeweza kutoka, hakuna anayeweza kusikia, wakitazamana mpaka ilipopungua. Sijui ilichukua muda gani. Scolastica ndiye aliyetoka wa kwanza, bado ikinyesha.

Jumatatu, 24 Machi

Obadia hakusema nami asubuhi. Mkewe aliniletea chai, akaiweka mlangoni. Saa sita alikuja mwenyewe.

"Barua yako naweza kuiacha ilivyo," alisema. "Baraza limekwisha kuamua. Wewe ni mgeni, utaondoka. Mimi nabaki na shamba."

Nikamwambia hilo ni kweli.

"Na nikikuomba unyamaze?"

Nikamwambia nitaandika nyingine, na ndani yake nitamtaja kwa haki: kwamba hakuniambia nidanganye, kwamba aliamini, kwamba alililia barua ile. Nikamwambia pia kwamba nitahama chumbani kwake leo, ili nisimwandike mtu huku nikila kwake.

"Mimi bado nasema amekufa," akasema.

"Huenda," nikajibu.

"Usiandike huenda kwa niaba yangu. Andika kwamba mimi nasema amekufa."

Nimeahidi. Na nimeandika hapa.

Jumatano, 26 Machi

Nimehamia kwa Benedikto, kwenye karakana, kati ya matairi. Amesema wanaume wa kijiji wamepitisha magogo mapya mtoni na bodaboda zinavuka tangu jana. Getrude amepiga simu akauliza ninarudi lini. Nikamwambia bado. Akauliza nani amenizuia. Nikamwambia safari hii hakuna. Akasema, "Haya. Kula vizuri."

Ndugu Mwenyekiti, hapo ndipo shajara inapoishia.

Kwa hiyo natamka mbele ya Baraza kwamba katika barua ya tarehe 14 Februari maneno haya niliyaandika bila kujua kama ni ya kweli, wala hayana shahidi: kufariki kwa Cletus, kuzikwa kwake, siku ya Alhamisi, na hali ya mwili. Maneno ya kuaga wenzake yaliyosomwa katika wasifu nayo ni ya kwangu. Kinachojulikana ni hiki tu: Cletus alikwenda machimboni, simu yake haipatikani, na mpita njia mmoja alisema mtu wa Katavi, asiyemjua jina, alifunikwa na duara. Obadia anaamini kwamba ndugu yake amekufa. Scolastica anasema hajui. Mimi pia sijui. Obadia hakuniagiza kubuni. Kosa la kubuni ni langu, na niko tayari kwa hatua yoyote itakayoonekana inafaa.

Naomba Baraza liifute barua yangu, limwandike Cletus kuwa mtu asiyejulikana alipo, na limwache Scolastica avune mahindi aliyoyapanda na kubaki katika shamba hilo hadi zipatikane habari za mtu aliyeona kwa macho yake.

Obadia amepanga kuanza kuvuna Jumatatu, tarehe 28 Aprili. Naomba uamuzi kabla ya siku hiyo.

Evarist
27 Machi 2025